Betri Iliyochemka Chini ya Deo

Harufu ya yai viza siivumilii mpaka leo. Si kwa sababu inanuka. Vinavyonuka duniani ni vingi na nimevizoea, maana kazi yangu ni umeme wa pikipiki, na vidole vyangu vina grisi na asidi hata siku ya Pasaka. Siivumilii kwa sababu inanirudisha kwenye kiangazi kimoja kule vilimani juu ya Nyakahura, nilipokuwa na miaka kumi na minne na chuki kubwa kuliko kimo changu. Harufu hiyo ilipanda kutoka chini ya kiti cha kipikipiki cha magurudumu manne, vile wanavyochezea watoto wa wenye nacho, na juu ya kiti hicho, nyuma yangu, alikaa mdogo wangu Deo, amenishika kiuno kwa mikono yote miwili, akikohoa mgongoni kwangu. Watu husema utoto ni asali. Wangu ulikuwa na asali yake, sikatai, lakini msimu huu ninaousimulia haukuwa nayo hata tone, na sitautilia sukari ili kumfurahisha msomaji.

Deo alizaliwa na miguu iliyopinda. Alitembea kwa magongo mawili ya mkaratusi aliyochongewa na baba, na kwa magongo hayo aliweza kufika chooni, kisimani akijitahidi, na kanisani akianza safari mapema. Shule haikufikika. Ilikuwa upande wa Nyabusozi, ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu mwenye miguu yake. Mimi ndiye niliyembeba kwa baiskeli tangu darasa la tatu, na nilipomaliza darasa la saba na jina langu likatoka kwamba nimechaguliwa sekondari, baba akasema nisubiri mwaka mmoja, Deo amalize kwanza, kwani nani mwingine atampeleka? Nikasubiri. Deo alikuwa na akili kunizidi, hilo hata mimi mwenye roho mbaya nalikubali. Hesabu alizifanya kichwani huku anamenya ndizi. Na kwetu, mtoto asiyeweza kushika jembe ana njia moja tu, kalamu. Asiposhika jembe wala kalamu, atakaa barazani mwa ndugu zake akingojea sahani mpaka anazeeka. Kwa hiyo mtihani wa darasa la saba haukuwa mtihani kwa Deo, ulikuwa ndiyo maisha yenyewe, na kila mtu nyumbani alilijua hilo, baba akiwa wa kwanza.

Baba alikuwa katekista wa kigango chetu. Padri alifika mara moja kwa mwezi, tena njia ikiruhusu. Jumapili nyingine zote kanisa lilikuwa la baba. Alisoma, alihubiri, alizika, alifundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza, na zaidi ya yote alikaripia. Alikuwa mtu wa Kibimba, Mhangaza, aliyehamia huku akiwa kijana na kitanda cha kamba kichwani, na alikuwa na methali kwa kila kosa la mwenzake. Aliyoipenda kuliko zote ni ile ya asiyesikia la mkuu kuvunjika guu. Aliisema mezani, aliisema mimbarini, aliisema Deo akiwa amekaa mbele yake na magongo yake yamelala sakafuni. Nilikuwa natazama miguu ya mdogo wangu kila baba alipoifikia ile methali. Sidhani baba aliwahi kuitazama.

Kipikipiki kilikuja kwa mlango wa heri. Kulikuwa na kambi ya watu wanaojenga barabara kuu, na mhandisi mmoja alikuwa na mtoto wa kiume aliyekuwa akizunguka nacho ndani ya uzio. Baba alikuwa akienda pale kuwasalisha wafanyakazi, na mara nyingine alimchukua Deo. Mkewe mhandisi akamwona. Walipofunga kambi kuondoka, yule mama alikipakia kwenye gari, akakileta mwenyewe hadi uani kwetu, akasema ni cha Deo. Kilikuwa kidogo, chekundu, kiti chake chini kiasi kwamba Deo angeweza kukipanda bila kuinuliwa, na mimi nilitosha mbele nikikunja magoti. Siku ile baba alilia. Nasema ili ijulikane kwamba simchukii kwa kutojua mema yake. Mama alipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakashtuka. Kwa wiki mbili tulikwenda shule kama watoto wa waziri, vumbi jekundu nyuma yetu, na Deo alifika darasani kabla ya kengele, suruali imenyooka.

Lakini baba alisema kitu kisichobarikiwa hakidumu, na kitu hakibarikiwi kikiwa kichafu. Kwenye stoo ya kigango kulikuwa na makopo ya rangi ya mafuta, nyeupe na njano, iliyobaki walipopaka kanisa kwa ajili ya ujio wa Askofu. Baba aliamua kukivika kipikipiki rangi za Kanisa. Akakipaka kwa siku mbili, kwa moyo wote na kwa brashi ya ukutani. Hakuruka kitu. Palipokuwa na kidude kimefungwa kwa skrubu mbili ubavuni mwa fremu, alikifungua, akapaka chini yake, akapaka tena, akakirudishia juu ya rangi mbichi, akakaza. Padri alipokuja alikinyunyizia maji ya baraka mbele ya waumini wote, watoto wakaimba, baba akasimama pembeni amekunja mikono na rangi ya njano kwenye kucha. Hata mimi niliona kimependeza, nikaomba nisimame nacho nipigwe picha.

Wiki ileile balbu ya mbele iliungua. Tukaweka nyingine, nayo ikaungua. Kisha ikaja ile harufu. Mwanzoni tulidhani kuku ametagia chini ya kiti na yai limevunda, tukatafuta. Deo ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua, maana betri ilikuwa chini yake. Alishuka shuleni mapaja yakimwasha, na mama alipofua suruali yake ya shule ikatoka na vitundu. Baba akafungua kiti. Betri ilikuwa ya moto usingeweza kuishika, mbavu zake zimevimba, na kile kimrija cha pembeni kinatoa povu. Akasema ina kiu. Akanunua asidi kwenye chupa, akaijazia. Ilipokauka tena akaijazia tena asidi, wakati hata mtoto wa fundi anajua kwamba kinachopungua pale ni maji na asidi inabaki. Ikafa. Akanunua nyingine kwa jirani yetu, Baba Esperansi, aliyekuwa na kibanda cha kuchaji simu na kuuza betri pale sokoni Nyakahura, kando ya barabara. Siku kumi, nayo ikaanza kunuka.

Hapo ndipo baba alipopata adui, na nadhani moyoni alifurahi, kwa sababu mtu mwenye adui hana haja ya kujichunguza. Wazazi wa Baba Esperansi walikimbia kutoka Burundi zamani, wakaishi kambini, kisha wakapewa shamba na kubaki. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa, mkewe alizaliwa hapa, Esperansi binti yao nilikaa naye dawati moja. Kirundi chao na Kihangaza chetu vinasikilizana kiasi kwamba tungeweza kutukanana bila mkalimani. Lakini tangu betri ile ya pili, hawakuwa tena majirani. Wakawa "wale wa kambini". Jumapili baba alisimama mimbarini, akafunga kitabu, akasema wapo watu waliokuja hapa na mkeka mmoja, tukawapa ardhi, leo wanatuuzia sumu ikae chini ya watoto wetu vilema. Hakutaja jina. Hakuhitaji, kwa maana kanisa zima liligeuka kutazama benchi la nne. Baba Esperansi alikaa pale mpaka mwisho wa ibada, akaimba wimbo wa mwisho, akatoka. Nyani haoni kundule: mtu aliyefika na kitanda cha kamba kichwani anamcheka mwenye mkeka.

Kuanzia siku hiyo tulikatazwa kuwaamkia. Njia ya ng'ombe wao iliyopita pembeni mwa migomba yetu ikazibwa kwa miiba. Baba alimtumia ujumbe Baba Esperansi kwamba akikigusa tena kile kipikipiki, hata kwa kidole, atampeleka kwa mtendaji wa kata. Watu wakaacha kumpelekea simu zao. Nami, niseme ukweli, nilimwamini baba kwa siku nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Nilipita mbele ya kile kibanda nimeinua pua. Hata Esperansi nilimwambia neno moja kisimani ambalo sitaliandika hapa.

Kilichonigeuza hakikuwa wema, kilikuwa betri ya tatu. Hiyo baba aliinunua mjini Biharamulo, dukani kabisa, kwa mtu asiyemjua Baba Esperansi hata kwa sura. Ikachemka vilevile. Baba akasema wamekiloga. Mimi nikasema kimoyomoyo, huyu mzee ni mjinga. Ilikuwa mara ya kwanza kumfikiria baba hivyo, nikaogopa, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Mtihani ulikuwa umebaki wiki chache. Kipikipiki kilizimika njiani mara mbili kwa wiki, Deo akikosa vipindi, na ile baiskeli baba alikuwa amekwisha iuza. Siku ya gulio, nikitoka kumchukua Deo shuleni, nikapitiliza njia ya nyumbani, nikateremka mpaka Nyakahura, nikasimamisha mbele ya kile kibanda.

"Shikamoo, Baba Esperansi," nilisema.

Alichungulia kutoka ndani. "Marahaba, binti wa katekista. Umepotea njia?"

Nikamwambia betri inachemka, hata ile ya Biharamulo. Akatoka nje, akazunguka kipikipiki mara moja, kisha akafanya jambo ambalo nalikumbuka kuliko sura yake: akaweka mikono yake miwili nyuma ya mgongo, akaifunga. "Sitakigusa," alisema. "Baba yako amekataza kugusa. Kutazama na kusema hajakataza." Akaiweka mita yake ya kupimia volti kwenye benchi. "Hii nayo sikupi. Nimeiweka tu hapo."

Basi nilijifunza kazi yangu hivyo, kwa mtu aliyenifundisha kwa kidevu. Aliniambia nifungue kiti. Aliniambia waya mwekundu wa mita uende chanya, mweusi hasi, injini ikiwa imezimwa, nisome. Kumi na mbili na nusu. Washa. Vuta mafuta polepole. Namba zikaanza kupanda: kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita, kumi na sita na ushee, na ile harufu ikafumuka mpaka muuza nyanya wa jirani akahamisha meza yake. Alisema kwa ile r yake ya Kirundi inayokaa mahali pa l, "Betri hii inarishwa kupita kiasi, mwanangu. Ndama ukimwachia maziwa yote anavimba, anakufa. Siyo sumu. Ni shibe." Kama mambo yangekuwa sawa, alisema, zile namba zisingepita kumi na nne na nusu hata nivute vipi. Kuna kidude cha kuuzuia umeme unaozidi. Akakielekeza kwa kidevu: kilekile kilichofungwa ubavuni mwa fremu, cha alumini, chenye mapezi. Rektifaya.

Nilidhani ataniambia kimekufa, tununue kingine. Mafundi wengi wangesema hivyo, na wengi bado wanasema hivyo. Yeye alisema kwanza tukiulize. Waya mweusi wa mita ubaki kwenye hasi ya betri, mwekundu uguse chuma cha rektifaya yenyewe, kisha nivute mafuta. Pale pasingepaswa kuwa na kitu, kwani rektifaya na hasi ya betri zote zinapaswa kuungana kwenye chuma cha fremu, ambacho mafundi hukiita bodi. Nikasoma volti mbili, karibu tatu. Baba Esperansi akacheka kidogo, bila kufungua mikono. Akaniambia niokote kipande cha waya chini ya benchi, nimenye ncha zote mbili, ncha moja niibane kwenye rektifaya, nyingine kwenye hasi. Nivute tena. Namba zikapanda mpaka kumi na nne na kidogo, zikasimama. Nikavuta mpaka mwisho, injini ikalia sokoni kote, nazo hazikusogea. "Umeonaje?" aliuliza. "Kidude ni kizima. Umeme unaozidi unatafuta pa kushukia, haupati. Hakigusi chuma. Kuna kitu katikati."

Alipokuwa anasema hivyo mimi nilikuwa nimekwisha jua ni nini. Ilikuwa mbele ya macho yangu, nyeupe na njano, imekaa nene kama uji uliopoa. Baba Esperansi naye alijua, nina hakika, lakini hakulitaja. Alitaka niache kile kipande cha waya palepale, kingemaliza kazi. Nilikataa, kwani baba angekiona na kuuliza kimetoka wapi. Nikamwambia asante. Sikumwomba radhi kwa yale ya kanisani wala kwa neno nililomwambia binti yake. Nilidhani nitapata siku.

Tulipofika kwenye mikaratusi juu ya kwetu nikasimama, nikatoa skrubu mbili, Deo akazishika ndani ya kofia yake, nami nikaikwangua ile rangi kwa kisu cha jikoni mpaka chuma kikang'aa, mahali pa ukubwa wa kiberiti tu, panapofichwa na rektifaya yenyewe. Deo hakuwa na raha. Alisema ile rangi imenyunyiziwa maji ya baraka. Nikamwambia, "Mbona inakuchoma mapaja?" Akaninyooshea kofia. Nikakaza skrubu, nikapuliza unga wa rangi, tukaenda nyumbani. Harufu haikurudi. Balbu haikuungua. Kwa wiki tatu kipikipiki kilikwenda bila kukohoa, na baba akatangaza kanisani kwamba novena yake, sala alizozisali siku tisa, imejibiwa, na ule uchawi umeshindwa. Miiba kwenye njia ya ng'ombe haikuondolewa. Mimi nilikaa benchi la wanawake nikiuma ulimi, nikijiambia subiri Deo afanye mtihani, kisha nitasema yote mbele za watu. Nilikuwa nimeyapanga mpaka na nguo nitakayovaa.

Jumamosi kabla ya wiki ya mtihani nilitumwa Kibimba kumpelekea bibi maharage. Niliporudi Jumapili jioni nikakuta kipikipiki uani kinanuka rangi mbichi. Nikainama, nikaona skrubu zimefunguliwa na kufungwa, na rangi imechuruzika mpya chini ya rektifaya. Sikufikiri. Nilimwambia baba, kwa sauti iliyosikika mpaka kwa majirani, kwamba ni yeye aliyekuwa akichemsha zile betri tangu mwanzo, kwa brashi yake. Nikamweleza habari ya volti, nikamweleza aliyenifundisha. Hilo la mwisho ndilo lililoniponza. Alinipiga kibao kilichoniangusha kwenye pipa la maji. Alisema nimekwangua kitu kilichobarikiwa kwa maelekezo ya wale wa kambini. Alisema asiyesikia la mkuu. Kisha akakifungia kipikipiki kwenye stoo ya kigango, akawa anakitoa asubuhi na kukirudisha mchana, ufunguo shingoni mwake pamoja na rozari, na asubuhi alisimama mpaka tunapotea bondeni, na mchana aliikagua rangi juu ya skrubu, kuhakikisha sichomoi kisu. Mama aliniletea maji ya kunawa damu. Mama hakuwahi kusema kitu, na hilo nalo sijamsamehe vizuri.

Jumatatu ikanuka. Jumanne ikanuka zaidi, Deo akaketi juu ya gunia lililokunjwa mara nne. Jumatano, siku ya mtihani, tulitoka alfajiri kunapambazuka. Tulipofika kwenye mteremko wa kuelekea kijito, injini ikakata. Nikapiga stata, kimya. Nikafungua kiti: betri imepasuka ubavuni, imekauka, na waya uliokuwa karibu nayo umeyeyuka ganda. Hapakuwa na la kufanya kwa kisu wala kwa kidevu. Nikamwambia Deo apande mgongoni. Alikuwa na miaka kumi na tatu, mikono yake mizito kwa kazi ya magongo, nami nilikuwa mwembamba. Magongo niliyashika mkononi, kalamu na rula zake nikaziuma kwa meno zikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Tulivuka kijito. Tukapanda. Nilikuwa nimekwisha piga hesabu kwamba nisiposimama tutafika.

Huko juu ndipo Deo aliposema, sikioni kwangu, "Yusta, nisamehe. Ni mimi niliyemwambia baba."

Nikamuuliza amemwambia nini. Akasema Jumamosi baba aliwaandaa watoto wa darasa la saba kwa kitubio, akawaambia mwenye dhambi moyoni asitegemee Mungu amsaidie kwenye mtihani. Deo akaogopa. Akamwambia baba kuhusu rangi. Hakusema kwa ubaya, alisema, alitaka tu kuingia mtihani akiwa safi.

Nilimshusha. Sikumtupa, nilimshusha kwenye majani, nikaweka magongo yake pembeni na mfuko wake juu ya magongo. Nilikuwa nimebeba ule mwaka mzima mgongoni, sekondari yangu, kibao, pipa la maji, mimbari, asidi, na sasa na huyu pia. Nikamwambia, "Basi huyo Mungu wako akubebe." Nikaondoka. Nilipita kona yenye mikaratusi mingine, nikakaa nyuma ya kichuguu, mikono masikioni, kwa sababu aliniita jina langu mara tatu au nne, kisha akaacha. Sikuwa na saa. Jua lilikuwa limeshika vilele vya miti nilipokaa, na nilipoinuka lilikuwa limefika kwenye magoti yangu. Robo saa, labda na zaidi. Nikarudi, nikamkuta palepale nilipomweka, nikampakia mgongoni bila neno, na safari iliyobaki nilikimbia mpaka nikatapika.

Msimamizi alikuwa mtu mgeni, mpole. Alitoka mlangoni akatutazama, mimi na Deo mgongoni kwangu, akatazama saa yake, na nikaona kabisa kwamba anatamani isome vingine. Alisema muda wa kuingiza watahiniwa umepita dakika chache tu zilizopita. Mwalimu mkuu alimsihi. Mimi nilipiga magoti. Deo alisimama kwa magongo yake, akamwambia shikamoo mwalimu, na akasema ameelewa. Mitihani iliyofuata aliruhusiwa kuifanya, akaifanya yote, lakini karatasi ile ya kwanza ilibaki tupu, na majina yalipotoka lake halikuwamo. Lawama zilijua pa kwenda. Kijiji kizima kilisikia kwamba katekista alirudia kupaka rangi, na Baba Esperansi alipoulizwa alieleza kwa upole jinsi betri inavyochemka. Watu wakamcheka baba nyuma yake, kisha mbele yake. Mwaka uliofuata Baba Esperansi alihamia Geita na familia yake bila kuaga, na sijawaona tena. Baba akaachia ukatekista. Nami nikalilisha lile jambo kila siku: rangi, rangi, rangi ya baba. Hakuna aliyewahi kuniuliza tulitembea kwa muda gani.

Siku hizi ukisimama Nyakahura huwezi kuhesabu bodaboda. Lami imepita, shule imejengwa upande wetu wa bonde, na mtoto mwenye miguu kama ya Deo anapelekwa na kurudishwa na kijana wa pikipiki ambaye wazazi wake hata hawamfahamu. Wananiletea pikipiki zinazonuka yai viza, nami nawauliza swali moja kwanza: nani amepaka rangi? Wanadhani natania. Deo anatengeneza simu sokoni, hajaoa, na hesabu bado anazifanya kichwani, za mabando na vocha, yeye ambaye angekuwa anafundisha mahali. Wateja wanampenda. Akichelewa kurudi, mama humwekea sahani barazani.

Krismasi iliyopita baba, ambaye sasa naye anatembelea gongo, alisubiri wageni waondoke, akaweka sahani yake chini, akasema mbele ya mama, Deo na mimi: "Ule mtihani wa Deo, mwenye kosa ni mimi. Nilipewa kazi ya kuongoza watu, nikashindwa kumsikiliza mwanangu. Deo, nisamehe. Yusta, nisamehe." Sauti yake haikutikisika. Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo kwa miaka kumi na sita; nilikuwa na majibu yake, makali, nimeyanoa tangu utoto. Nikasema, "Yameisha, baba," nikachukua vyombo nikatoka navyo nje.

Deo alinifuata, akaketi kwenye kizingiti cha jikoni. Nikamwambia bila kumtazama kwamba nilipaswa kusema pale ndani. Kwamba ile robo saa ilikuwa yangu, na bila hiyo tungefika, rangi au si rangi. Akasema anajua. Nikamuuliza kwa nini hajamwambia mtu miaka yote hii. Akaegemeza magongo yake ukutani. Kisha akasema, kama mtu anayesimulia habari ya hali ya hewa, "Ulipokuwa umekwenda kule ilipita pikipiki. Haikuwa na abiria. Yule kaka alisimama mwenyewe, akaniuliza kama nakwenda shuleni. Nikamwambia hapana."

Nikageuka. Nikamuuliza kwa nini alisema hapana.

"Ungerudi usinikute," alisema Deo.